Muvi Kali, Halafu?

Jumapili saa kumi jioni, kibanda umiza kimejaa hadi mlangoni. Kuta ni mabati, dirisha limezibwa na gunia ili jua lisipige kwenye runinga, na mabenchi ni mbao zilizopigiliwa misumari juu ya vigingi. Jina la mahali hapo limejieleza lenyewe. Kwenye kioo anapigana Mchina, lakini anayesikika ni Mswahili. Anatafsiri, anatia chumvi, anamkejeli adui, anamwonya stelingi kwamba nyuma ya pazia kuna mtu. Mtoto aliyekaa chini mbele ya wote anauliza kama yule mzee mwenye ndevu atakufa. Anajibiwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja na lake. Picha inapokwisha watu wanatoka wakifinya macho kwa mwanga, na kabla hawajafika kwa muuza mihogo ubishi umeshapamba moto. Adui alikuwa na haki ya kumlipia kisasi kaka yake au hakuwa nayo? Na yule binti, alijua tangu mwanzo au aligundua pale darajani?

Hakuna anayesema kwamba filamu ilikuwa nzuri. Hayo yangekuwa maneno ya kupotezea watu muda.

Sasa mchukue kijana mmoja katika hao, yuleyule aliyeshikilia kwamba binti alijua tangu mwanzo na akataja ushahidi wake, umuulize juu ya filamu ya Kiswahili aliyoitazama wiki iliyopita. Jibu litakuwa moja kati ya mawili. Ama "muvi kali, tusapoti vya nyumbani", ama "Bongo muvi bwana!" huku mkono ukipunga hewani. Ufundi wote wa ubishi umemtoka. Kwenye picha ya Hong Kong alikuwa hakimu, mwenye mashahidi na vielelezo. Kwenye picha ya kwao amegeuka mshangiliaji au mtu wa kubeza.

Hoja ya safu hii ni kwamba filamu za Afrika Mashariki za miaka ya karibuni, hizi zinazozungumza Kiswahili au kukichanganya na lugha nyingine, zimefika mahali pa kubishaniwa kwa namna ileile ya kibandani. Kuzipigia makofi bila kuzibishania ni kuzidhulumu.

Na wala watu wa pwani hawakuanza jana kubishania filamu. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema katika miji ya Tanzania, ameeleza jinsi filamu ya Awara, ambayo Raj Kapoor aliitoa mwaka 1951, ilivyouteka mji wa Zanzibar. Watu wasiojua Kihindi waliimba nyimbo zake. Ndani ya filamu hiyo yumo jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mji mzima ulikuwa na la kusema juu ya jaji huyo. Jumba la Majestic, lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya lile la awali kuungua, halikuwa mbali na mabaraza ya Mji Mkongwe, na kesi iliyofunguliwa ndani ya jumba ilisikilizwa barazani hadi kahawa ikapoa.

Kanda za video zilipoingia, majumba makubwa yakaanza kufungwa mlango mmoja baada ya mwingine. Mengine yakawa makanisa, mengine maduka na maghala. Ubishi ukahamia vibandani, na huko ukapata bingwa wake: mtafsiri. Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, mtu aliyesimulia picha za Kihindi, za Kichina na za Hollywood, Titanic ikiwamo. Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake iliyojaa Sheng na utani wa mtaani imesikika kwenye mabanda ya video na ndani ya magari ya abiria kwa miaka mingi. Mtu anayedhani hawa ni wakalimani tu hajawasikiliza. Mtafsiri humpa mhusika mkorofi jina la mtaani, huwaeleza watu desturi ya kigeni inayoonekana kwenye kioo, huyaruka mazungumzo anayoona hayana maana, na pale mtunzi wa filamu alipolegea hupajaza mwenyewe. Tukio lisilo na kichwa wala miguu, hulisema papo hapo, na ukumbi mzima ukacheka.

Wapo wanaolalamika kwamba mtafsiri anaharibu filamu. Wana ukweli wao. Kuna ukimya ambao mwongozaji ameujenga kwa dakika nzima, naye mtafsiri anaufukia kwa utani kuhusu mama mkwe. Hata hivyo, ukitafuta mtu wa kwanza aliyekaa mbele ya filamu, akazungumza Kiswahili kuhusu kile hasa kinachoonekana, tukio kwa tukio, na akaeleweka na maelfu ya watu, utamkuta ameshika kipaza sauti cha bei rahisi, hana shahada ya sanaa wala safu gazetini.

Hapo ndipo penye kichekesho. Filamu ya Kiswahili haihitaji mtafsiri, kwa hiyo inamkosa pia mhakiki wake. Picha ya Kikorea inafika Mbagala ikiwa na mtu pembeni wa kuibishia. Picha iliyopigwa Unguja inafika peke yake, yatima, na watu wanaitazama kimya kama wageni waalikwa.

Kuna sababu nyingine ya ukimya huo, nayo imetoka darasani. Aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari alifundishwa kuikamua kazi ya sanaa: dhamira, ujumbe, wahusika na sifa zao, mafanikio na kutofaulu kwa mwandishi. Ni mafunzo mazuri, na mengi ya maana yamepatikana kwa njia hiyo. Lakini mtihani ulipokwisha, kilichobaki kichwani kwa wengi ni swali moja: inafundisha nini? Basi mtu akitoka kutazama filamu husema "ina mafunzo" kama daktari anayesema dawa ina vitamini. Ukimuuliza uso wa mhusika ulionekanaje pale alipopewa taarifa ya msiba, hakumbuki. Aliyekaa kibandani anakumbuka hadi rangi ya shati.

Bongo muvi zimeonja pande zote mbili za dhuluma hii. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, jiji la Dar es Salaam lilisimama. Waliofurika kumzika Kinondoni walionesha wazi kwamba filamu hizo zilikuwa na wenyewe. Na bado, katika miaka yote hiyo, ni maneno machache mno ya maana yaliyosemwa kuzihusu. "Zinaboa." Zinaboa wapi? Mtu mmoja mwenye jicho angeweza kusema: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, linageuzwa, linaegeshwa, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Halafu angeuliza kwa nini. Jibu lingempeleka sokoni. Filamu iliuzwa kwenye diski, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na bei yake. Hadithi ya saa moja na nusu ililazimika kuvutwa ijaze diski mbili, na hakuna kinachovutika kirahisi kuliko gari kuingia getini. Aliyeliona geti ameshahakiki. Aliyesema zinaboa amepiga miayo tu.

Basi ijaribiwe hapa, kwa filamu chache ambazo mwandishi wa safu hii amezitazama, nyingine kwa mara ya pili. Asiyekubaliana ana ruhusa yote ya kubisha.

Vuta N'kuvute inastahili kuanza. Amil Shivji aliitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, na ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliituma kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imefanya hivyo mara moja tu, kwa Maangamizi, mwaka 2001. Pongezi zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilihusu safari za filamu: imefika wapi, imepokelewa na nani, bendera imepepea vipi. Mtu angeweza kuzisoma zote asijue kama kwenye filamu kuna mvua au kiangazi.

Kisa kinajulikana na kila aliyepitia kidato cha tano na cha sita na kitabu hicho mkononi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mwenye umri wa kumzaa, anaikimbia ndoa na kupata hifadhi mtaani Ng'ambo kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Huko anakutana na Denge, kijana anayeupinga utawala wa kikoloni na kuandamwa na polisi. Mapenzi yanaingia, siasa inaingia, na jamii ya Yasmin inamfungia mlango.

Kinachokaa machoni ni giza. Filamu hii imepigwa kama vile mwongozaji ameikopa taa moja tu na anaogopa kumaliza mafuta. Uso wa Yasmin mara nyingi umegawanyika, nusu kwenye mwanga na nusu kwenye kichochoro, na mtazamaji analazimika kusogea mbele kumtafuta. Huo ni uamuzi wa maana. Mji uliojaa macho ya majirani na ya askari ndivyo unavyoishi, kwa kuchungulia. Zanzibar ya mabango ya watalii, ile ya anga la buluu na mchanga mweupe, imenyimwa nafasi, na hilo peke yake lingetosha kuipa filamu heshima.

Kisha yuko Mwajuma. Siti Amina, ambaye nje ya filamu ni mwanamuziki wa Zanzibar, anamwigiza kwa wepesi wa mtu asiyejua kwamba anatazamwa. Akiingia chumbani, chumba kinapata hewa. Akimcheka Yasmin, unajua kwamba ndiye mtu pekee katika mji ule anayemcheka bila kumdharau. Filamu nzima inatembea kwa kunyata. Mwajuma anatembea kwa miguu yake.

Kasoro iko kwa Denge. Denge wa Adam Shafi ana mdomo. Anabishana, anatania, anaeleza, anakasirika, na msomaji anaelewa kwa nini watu wako tayari kumficha uvunguni. Denge wa filamu anatazama mbali. Ni kijana mzuri wa sura, na kamera inalijua hilo kupita kiasi. Anaposambaza makaratasi usiku, aliyesoma kitabu anajazia yaliyokosekana kwa kumbukumbu. Asiyekisoma anaona mtu mwenye makaratasi. Hapo ndipo mtafsiri wa kibandani angemwokoa. Angekohoa kidogo, angesema huyu bwana anataka nini na Waingereza, na watu wangeanza kumwogopea.

Wapo watakaojibu kwamba riwaya ina kurasa mamia na filamu ina dakika tisini na ushee, kwa hiyo lazima kitu kikatwe. Ni kweli. Ubishi unahusu kilichokatwa. Shivji alikata maneno akabakisha nyuso, na kwa Yasmin imelipa kwa sababu Yasmin ni mtu anayejifunza kusema. Kwa Denge haikulipa, kwa sababu Denge alizaliwa kwenye karatasi akiwa anasema tayari.

Kutoka Unguja hadi Maweni, kijiji cha Supa Modo, ni safari ya kubadilisha nguo kabisa. Filamu hii ya Likarion Wainaina kutoka Kenya ilitoka mwaka 2018, ina dakika 74, na mhusika wake mkuu ni mtoto wa miaka tisa anayeitwa Jo. Jo ni mgonjwa na hatapona. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani akaishi siku zilizobaki. Jo anapenda picha za mapigano na za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dada yake Mwix, badala ya kumtandikia kitanda cha huruma, anaanza kumfanya aamini kwamba naye anazo. Mwishowe kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo, hadi kinaamua kutengeneza filamu ambamo Jo ndiye stelingi.

Msomaji wa makala haya atafurahi kusikia kwamba mmoja wa watu muhimu kijijini hapo ni Mike, kijana mwenye ukumbi wa video ambaye kazi yake ni kusimulia picha kwa kipaza sauti. Wainaina amemchukua mtu wa kibandani akamweka katikati ya hadithi. Jo hajifunzi ushujaa kutoka Hollywood moja kwa moja. Unamfikia ukiwa umeshapita kinywani mwa Mike, ukiwa umeshachekeshwa na kuongezwa chumvi. Ukiiona filamu kwa jicho hilo, kijiji kutengeneza filamu yake si jambo la miujiza hata kidogo. Watu wale walikuwa wakizitengeneza upya filamu za wenzao kila jioni.

Kuna jambo jingine ambalo Supa Modo inalifanya kimyakimya. Mama wa Jo ni mkunga. Anawapokea watoto wa kijiji kizima, na wa kwake hawezi kumzuia asiende. Filamu hailitii jambo hilo kwenye mdomo wa mtu yeyote. Hakuna shangazi anayesimama kulia na kulitangaza. Mikono ya mama inatosha. Katika tamthilia za runinga za ukanda huu, jambo kama hilo lingesemwa mara tatu, na kinanda kikapigwa chini yake.

Lawama ni moja. Kijiji kinakubali upesi mno. Ubishi wa kweli uko kati ya mama, anayetaka binti yake apumzike na kulindwa, na Mwix, anayetaka mdogo wake aishi mpaka siku ya mwisho. Huo ni ubishi mzito na kila upande una haki. Lakini wengine wote wanaingia kwenye mchezo kama wanakwaya waliokwishafanya mazoezi. Kijiji gani hicho, bara au pwani, kisicho na mzee mmoja wa kusema kwamba kumdanganya mgonjwa ni haramu? Angekuwapo mtu huyo, machozi ya mwisho yangekuwa na uzito zaidi. Mwisho wenyewe hautasemwa hapa.

Neno kuhusu mwisho, maana siku hizi ndilo linaloziba watu midomo. "Usinimalizie utamu" limekuwa kufuli la mazungumzo yote ya filamu. Zamani kuhadithiana picha kulikuwa sehemu ya picha. Mtoto asiye na kiingilio alihadithiwa na mwenzake njiani, pigo kwa pigo, na siku akipata senti aliingia kuhakikisha kama kweli. Na sheria kuu ya kibandani, stelingi hafi, ilimwambia kila mtu mwisho wa picha kabla haijaanza. Hakuna aliyedai kurudishiwa pesa. Mwisho na ufichwe kwa adabu, hakuna ubaya. Ila katikati ya filamu ni pakubwa, na hapo hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Mwaka huohuo wa 2018 Kenya ilishuhudia jambo la kinyume: watu wengi sana wenye maoni makali juu ya filamu ambayo hawakuwa wameiona. Rafiki, ya Wanuri Kahiu, inahusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, huku baba zao wakigombea kiti kimoja cha uchaguzi. Ilipigwa marufuku nchini mwezi Aprili, ikaoneshwa Cannes mwezi Mei, na Septemba Mahakama Kuu ikaiondolea marufuku kwa siku saba, ili iweze kufikiriwa kwa Oscar. Kumbi zilijaa siku hizo saba. Hatimaye filamu ambayo Kenya iliituma Oscar mwaka ule ikawa Supa Modo.

Mtu ana haki ya kuyakataa maudhui ya Rafiki kwa imani yake, na wengi wameyakataa. Lakini ni hasara kwamba kelele za pande zote mbili ziliifunika filamu yenyewe, kwa sababu kuna la kusema. Uhasama wa wale baba wawili, uliopaswa kuwa moto chini ya chungu, unawashwa na kusahauliwa. Mtu aliyechorwa kwa mkono wa uhakika zaidi ni Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula na mdomo mrefu, anayejua nani kapita na nani saa ngapi. Kila mtaa wa Nairobi unaye, na wa Temeke pia. Waliopinga filamu na walioitetea wangeweza angalau kukutana kwa Mama Atim.

Filamu ya karibuni zaidi katika hizi ni Kaburi Wazi, ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, iliyooneshwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2024. Hii si ya kutunga. Inawafuata watu wa ukoo wa Mbano wa Songea, wanaotafuta kichwa cha babu yao, Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, pamoja na familia ya Kaaya kutoka Meru yenye msiba wa namna hiyohiyo. Wanaandika barua, wanasubiri, wanapanda ngazi za ofisi, wanasafiri hadi Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha.

Ni filamu ambayo swali la darasani, inafundisha nini, linajibiwa kabla mtu hajaketi vizuri, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kuitazama. Nguvu yake iko kwenye kusubiri. Kuna subira ya aina mbili humo. Ya ofisi, ambako faili linaweza kulala hadi wenye mali wafe, na ya nyumbani, ambako mzee amekaa kwenye kiti chake akijua kwamba huenda akazikwa kabla babu yake hajazikwa kamili. Kamera inakaa na subira hizi mbili bila haraka, na mtazamaji anaanza kuhisi uzito wa miaka zaidi ya mia moja bila kuhesabiwa.

Palipolegea ni pale inaposahau inazungumza na nani. Kuna sehemu zinazomfafanulia Mjerumani mambo ambayo mtu wa Songea ameyanyonya na maziwa ya mama. Inaeleweka, walioondoka na vichwa ndio wanaohitaji kuelezwa. Lakini mtazamaji wa Ruvuma anabaki akitikisa mguu, akingoja filamu imrudie. Maswali yake yeye ni mengine: kichwa kikirudi kitazikwa kwa mila ipi, na nani mwenye mamlaka ya kukipokea, ukoo au serikali? Filamu inayagusa hayo na kupita. Pengine hiyo ni kazi ya filamu nyingine, na anayeitengeneza akae Songea muda mrefu zaidi.

Je, watu wataziona wapi? Hili nalo ni sehemu ya tatizo. Kumbi zilizobaki ziko kwenye maduka makubwa ya miji michache. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo limekuwa likionesha filamu Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, ni la siku chache kwa mwaka. Wengi hutegemea laibrari ya muvi ya mtaani, mahali unapopeleka flashi na kuondoka na singo tatu na sizoni nzima ya Kikorea. Muulize kijana wa laibrari kama anayo Vuta N'kuvute. Atakuuliza imetafsiriwa na nani.

Swali hilo lisichekwe. Lina pendekezo zuri ndani yake, na linatolewa hapa kwa waandaaji wa matamasha na kwa wenye vibanda kwa pamoja. Mchukueni mtafsiri mmoja mahiri, mpeni kipaza sauti, mkalisheni mbele ya Vuta N'kuvute, kibandani, Jumapili saa kumi, na kiingilio kilekile. Asitafsiri, maana hakuna cha kutafsiri. Aseme anachokiona. Amtanie mume wa Yasmin, amwonye Denge kuhusu askari, awaeleze watoto Ng'ambo ilikuwa ng'ambo ya nini. Mwongozaji anaweza kukasirika, na akiwapo mlangoni ubishi utakuwa mtamu zaidi. Kitakachofaa kusikilizwa ni pale mtafsiri atakaponyamaza mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu kilichopo kwenye kioo hakihitaji msaada wake.

Mwandishi wa safu hii anaweka dau kwamba atanyamaza Mwajuma atakapoanza kuimba. Na anayeona Mwajuma anapewa sifa asizostahili, kwamba ni Yasmin anayeibeba filamu na mwenzake anapita tu na wimbo, basi aandike. Ataje tukio.